Medali Tisa za Noel Skehan, na Tatu Zinazobishaniwa

Wapo wanaosema kwamba Noel Skehan, kipa wa kaunti ya Kilkenny katika mchezo wa Kiairishi wa hurling, ana medali 9 za ubingwa wa Ireland nzima, na wapo wanaosema kwamba kwa haki anazo 6 tu. Pande zote mbili zinajua hesabu vizuri. Tofauti yao ni moja: medali 3 za kwanza, za mwaka 1963, 1967 na 1969, Skehan alizipata akiwa kwenye benchi, kipa wa akiba ambaye hakugusa mpira hata mara moja katika fainali hizo. Nimeishi Ireland miaka ya kutosha kuusikia ubishi huu mara nyingi, hasa kutoka kwa mzee mmoja wa kaunti ya Cork niliyefanya naye kazi, na nimefika mahali pa kutaka kuandika msimamo wangu. Ninasema ni 9, na sababu zangu hazitokani na huruma.

Kwanza niueleze mchezo wenyewe, kwa kuwa wasomaji wengi wa Kiswahili hawajawahi kuuona. Waairishi wanauita hurling, nami hapa nitauandika halingi. Timu mbili za watu 15 zinacheza kwenye uwanja mkubwa kuliko wa soka, unaofikia urefu wa mita 130 hadi 145, kila mchezaji akiwa na fimbo ya mti uitwao ash kwa Kiingereza, iliyotanuka mwishoni kama kijiko bapa. Mpira wake, uitwao sliotar, ni mdogo wa kujaa kiganjani, umevikwa ngozi yenye mishono iliyoinuka, na uzito wake ni kati ya gramu 110 na 120. Nguzo za lango zimepanda juu kupita mtambaa wa panya, kiasi kwamba lango linafanana na herufi H. Mpira ukipita juu ya mtambaa wa panya katikati ya nguzo ni pointi 1, na ukiingia chini yake, wavuni, ni goli, ambalo thamani yake ni pointi 3. Ndiyo maana matokeo huandikwa kwa namba mbili: 3-24 maana yake ni magoli 3 na pointi 24, jumla 33. Shirika linalousimamia mchezo huu, GAA, liliundwa mwaka 1884 katika mji wa Thurles, na mpaka leo wachezaji wake hawalipwi mshahara. Aliyeshangiliwa Jumapili na watu zaidi ya elfu themanini katika uwanja wa Croke Park, Dublin, Jumatatu anarudi darasani kufundisha au shambani kukamua ng'ombe.

Katika mchezo kama huo, kazi ya kipa ni ya peke yake kabisa. Lango lina upana wa mita 6.5 na kimo cha mita 2.5, dogo kuliko la soka, lakini kombora la halingi linaweza kuzidi kilomita 150 kwa saa na mara nyingi hupigwa kutoka umbali mfupi, katikati ya msitu wa miguu na fimbo. Kipa hana glovu kubwa za kumsaidia. Ana fimbo yake, kiganja chake na macho yake. Wazee husimulia jinsi hali ilivyokuwa mbaya zaidi enzi za Tony Reddin wa Tipperary, kipa wa mabingwa wa mwaka 1949, 1950 na 1951, wakati washambuliaji walipokuwa wakiruhusiwa kumvamia kipa na kumsukumiza wavuni pamoja na mpira wake. Kofia ya kujikinga ilikuja kuwa ya lazima kwa wachezaji wakubwa wote mwaka 2010 tu. Kwa hiyo ukimwona kipa wa miaka ya sitini katika picha za zamani, kichwa wazi, amepiga magoti kwenye matope, elewa kwamba alikuwa akihatarisha meno na macho yake bila malipo yoyote.

Kipa wa Kilkenny katika miaka hiyo alikuwa Ollie Walsh wa Thomastown. Walsh alipendwa kama wachache wanavyopendwa. Alidaka mipira ambayo kipa mwingine angeridhika kuipangua, akawakwepa washambuliaji waliomjia mbio, kisha akaupiga mpira mbali ukapaa nusu ya uwanja na zaidi. Alitwaa ubingwa mwaka 1957, 1963, 1967 na 1969, na mwaka 1967 akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa halingi wa mwaka. Nyuma yake kwenye benchi aliketi binamu yake, Noel Skehan, kijana wa Bennettsbridge, kijiji kilicho kwenye mto uleule wa Nore, si mbali na Thomastown. Hapo ndipo ugumu wa habari hii ulipo. Aliyemzibia Skehan njia alikuwa kipa bora wa nchi nzima, kipenzi cha watu, na tena ndugu yake wa damu.

Fainali ya mwaka 1963 dhidi ya Waterford inastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu ndiyo medali ya kwanza inayobishaniwa. Kilkenny walishinda kwa 4-17 dhidi ya 6-8, yaani 29 kwa 26. Soma tena namba hizo. Nyavu za Kilkenny zilitikiswa mara 6 na bado wakawa mabingwa, hasa kwa sababu Eddie Keher peke yake alipiga pointi 14. Sasa mfikirie kijana ambaye hajatimiza miaka 20, ameketi pembeni, anaona goli la tatu linaingia, la nne, la tano, la sita. Kila goli linaweza kuwa ndilo litakalomfanya kocha ageuze shingo kuliangalia benchi. Kila goli ni maumivu kwa timu yake na kwa binamu yake. Na kila goli linamlazimu awe tayari, mwili umepashwa moto na akili imetulia, kwa kazi ambayo pengine haitaitwa. Hakuitwa. Walsh alimaliza mechi, kombe likaenda Kilkenny, na Skehan akapokea medali.

Mzee wangu wa Cork husema kwamba medali hiyo ni zawadi ya kuketi. Hapo ndipo tunapoachana, kwa sababu naona haitazami tofauti iliyopo kati ya mchezaji wa akiba wa kawaida na kipa wa akiba. Mshambuliaji anayesugua benchi anajua kwamba akichoka mmoja kati ya sita walio mbele, zamu yake inaweza kufika, tena leo hii hii. Kipa wa akiba anangoja nafasi moja tu, na nafasi hiyo haichoki. Hufunguka kwa jeraha, au kwa makosa makubwa ya mwenzake, mambo mawili ambayo mtu mwema hawezi kuyaombea. Lakini huyohuyo, mazoezini, usiku wa baridi, ndiye anayesimama langoni ili akina Keher wapate mtu wa kumpiga makombora. Makali ya washambuliaji wa Kilkenny yalinolewa kwa kipa wawili, na mmoja wao hakuonekana siku ya fainali.

Mimi mwenyewe nilikuwa kipa wa akiba wa timu ya soka ya shule kwa miaka miwili, kwa hiyo ninajua kidogo jinsi mwili unavyozoea kusisimka bure, kila Jumamosi, na jinsi inavyokuwa vigumu wiki inayofuata kujirusha kwenye changarawe kwa bidii ileile. Miaka miwili ilinichosha. Skehan alikaa tisa.

Hesabu yake ni rahisi. Kuanzia mwaka 1963 hadi 1971 Kilkenny walifika fainali 6, mwaka 1963, 1964, 1966, 1967, 1969 na 1971, wakashinda 3. Katika zote alisimama Walsh. Mtu anaweza kuuliza kwa nini Skehan hakuhama. Katika soka angehama. Kipa hodari asiyechezeshwa hutafuta klabu nyingine, akasaini mkataba, wakaachana kwa amani. Katika halingi mchezaji huchezea kaunti ya kwao, na klabu yake ni kijiji chake, ambako babu zake wamezikwa na ambako kila ukuta umepigwa mpira na watoto wa familia yake. Wapo waliohama, na Reddin niliyemtaja ni mfano mkubwa kuliko wote: alizaliwa Mullagh katika kaunti ya Galway, akahamia Lorrha, Tipperary, na huko ndiko alikokuwa bingwa. Kwa hiyo mlango haukuwa umefungwa kabisa kwa Skehan. Alibaki Bennettsbridge.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tungekimbilia kusema kwamba subira huvuta heri. Methali hiyo haimtoshi mtu huyu, na naiepuka kwa makusudi. Subira, kama tunavyoitumia neno hilo, ni kukaa ukiamini kwamba kheri iko njiani. Skehan hakuwa na ahadi yoyote. Walsh angeweza kucheza hadi mwaka 1975, au Kilkenny wangeweza kupata kijana mpya wa miaka 19 mwenye macho makali kuliko yake, kama ambavyo hutokea kila siku katika michezo. Jambo lililomtofautisha ni kwamba aliendelea kuwa bora akiwa hatazamwi na mtu. Ushahidi wa hilo ni mwaka wa kwanza tu alipopewa lango.

Fainali ya mwaka 1971 ilivunja mambo. Tipperary walishinda 5-17 kwa 5-14, mechi ya mvua ya magoli ambayo hukumbukwa pia kwa Michael Keating wa Tipperary, maarufu kama Babs, aliyevua viatu na soksi akacheza miguu mitupu. Huo ndio ukawa mwisho wa enzi ya Walsh langoni. Mwaka uliofuata Skehan hakupewa lango peke yake, alipewa na unahodha.

Wapinzani katika fainali ya mwaka 1972 walikuwa Cork, na wakati huo fainali zilichezwa kwa dakika 80. Katika kipindi cha pili Con Roche wa Cork alipiga pointi kutoka mbali sana, na pengo likawa pointi 8: Cork 5-11, Kilkenny 1-15. Nahodha mpya, aliyengoja miaka tisa, ameshafungwa magoli 5 katika fainali yake ya kwanza. Ningekuwa mimi nadhani ningetamani ardhi ipasuke. Kuanzia hapo Cork hawakupata kitu tena, si goli wala pointi. Kilkenny walifunga magoli 2 na pointi 9 bila kujibiwa, wakamaliza kwa 3-24 dhidi ya 5-11. Sifa nyingi zilikwenda kwa Keher, aliyefunga 2-9 mwenyewe, na ni haki yake. Lakini timu haiwezi kurudi kutoka nyuma pointi 8 ikiwa kipa wake ameshaanza kutetemeka, kwa sababu goli moja tu la Cork wakati ule lingezima moto wote. Kipa aliyefungwa mara 5 anaweza kufungwa mara ya sita kwa urahisi zaidi kuliko aliyefungwa mara ya kwanza. Nani alikuwa amemfundisha Skehan kwamba mechi haijaisha mpaka iishe, hata nyavu zikitikiswa mara nyingi kiasi gani? Mimi ninaamini ni Walsh, mwaka 1963, kwa magoli 6. Alilipata somo hilo akiwa ameketi, mahali ambapo wabishi wanasema hakuna kilichofanyika.

Baada ya hapo rekodi yake inajieleza. Tuzo za All Stars, zinazotolewa kwa mchezaji bora wa kila nafasi, zilianza mwaka 1971, na kipa wa kwanza kuipata alikuwa Damien Martin wa Offaly. Kisha Skehan akaichukua mwaka 1972, 1973, 1974, 1975 na 1976, miaka mitano mfululizo. Mwaka 1973 Kilkenny walipoteza fainali kwa Limerick, na mwaka 1976 hawakuwa hata mabingwa wa jimbo lao la Leinster, lakini bado waliochagua hawakuona kipa mwingine wa kumweka pale. Ubingwa aliupata mwaka 1972, 1974, 1975 na 1979. Halafu Offaly wakainuka, wakaitawala Leinster mwaka 1980 na 1981, na Skehan akawa ameshapita umri wa miaka 35, umri ambao watu huanza kumwambia kipa kwa upole kwamba atundike fimbo.

Hakuitundika. Mwaka 1982 Kilkenny waliwafunga Cork 3-18 kwa 1-13, na mwaka 1983 wakawafunga tena Cork, safari hii kwa tofauti ndogo ya 2-14 dhidi ya 2-12. Katika miaka yote miwili Skehan alitwaa tena tuzo ya All Stars, miaka sita na saba baada ya ile ya mwaka 1976. Jumla zikawa 7. Brendan Cummins wa Tipperary, ambaye kwangu ndiye kipa mkubwa wa kizazi cha baadaye, alipata 5.

Nimemtaja Cummins kwa sababu yeye pia analijua benchi, ingawa kwa njia iliyo kinyume. Skehan alianza kwenye benchi akaishia kwenye utukufu. Cummins alikuwa ameshakuwa bingwa wa Ireland mwaka 2001 na ameshapata tuzo tatu, ndipo mwaka 2007 meneja wa Tipperary akamwondoa langoni. Meneja huyo alikuwa Babs Keating, yuleyule wa miguu mitupu wa mwaka 1971. Cummins alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 30, na angeweza kuondoka kwa hasira bila kulaumiwa na yeyote. Alibaki. Mwaka 2008, chini ya meneja mpya Liam Sheedy, alirudi langoni na kupata tuzo yake ya nne. Mwaka 2010 Tipperary waliwafunga Kilkenny 4-17 kwa 1-18, wakawazuia kutwaa ubingwa wa tano mfululizo, na Cummins akiwa langoni. Hakuna anayezungumzia kazi ya Cummins bila kuutaja mwaka 2007. Kila mtu anakubali kwamba benchi lile lilikuwa sehemu ya maisha yake ya mchezo. Nashangaa kwa nini kwa Skehan benchi ligeuke kuwa kitu cha kutolewa katika hesabu.

Chanzo halisi cha ubishi, nadhani, ni majina mengine mawili. Kabla ya Skehan, rekodi ya medali ilikuwa 8, nayo ilishikwa na Christy Ring wa Cork na John Doyle wa Tipperary, wote wakiwa wamezipata uwanjani. Ring, kwa watu wa Cork, ni zaidi ya mchezaji, na kumwambia Mcork kwamba kipa wa Kilkenny amempita Ring kwa medali ambazo 3 kati yake alizipata akiwa amekaa ni kumchokoza waziwazi. Ninaielewa hasira hiyo na ninaiheshimu. Ninakubali kabisa kwamba idadi ya fainali alizocheza mtu na idadi ya medali alizo nazo ni rekodi mbili tofauti, na kwamba katika ile ya kwanza Ring na Doyle wanamzidi Skehan. Ziandikwe zote mbili. Nisichokubali ni kuichukua rekodi ya pili na kuipunguza mpaka ifanane na ya kwanza.

Tena utaratibu huo hautumiki kwa usawa. Henry Shefflin wa Kilkenny alifikisha medali 10 mwaka 2014, na hakuna aliyewahi kufika hapo. Katika fainali ya marudiano ya mwaka huo dhidi ya Tipperary, Shefflin hakuanza. Alitokea benchi mwishoni, zikiwa zimebaki dakika chache. Sijamsikia mtu hata mmoja akisema kwamba Shefflin ana medali 9 na nusu. Watajibu kwamba yeye aliingia. Ni kweli, aliingia, kwa sababu alikuwa mshambuliaji, na mshambuliaji huweza kupewa dakika chache za heshima. Kipa hapewi dakika za heshima, kwa kuwa hakuna meneja anayebadilisha kipa katika fainali ili kumfurahisha mtu. Kwa hiyo kigezo cha kuingia kinawapendelea wa mbele na kumwadhibu aliyechagua nafasi yenye mlango mmoja.

Skehan aliacha kuichezea Kilkenny mwaka 1985. Mlinda mlango aliyetangazwa mwaka 1984 katika kikosi bora cha karne alikuwa Reddin, na katika kikosi cha milenia mwaka 2000 akawa Reddin tena. Sina ugomvi na Reddin. Ila naona kwamba miaka ya benchi ilimgharimu Skehan mara mbili: ilimnyima muongo wa kwanza wa kuonekana, kisha ikawapa watu sababu ya kuzitilia shaka hata tuzo alizopata. Ollie Walsh, kwa upande wake, alikuja kuwa meneja wa Kilkenny na kuwapa ubingwa mwaka 1992 na 1993, akiwa na mwanawe Michael langoni. Alifariki mwaka 1996. Kaunti moja, na kati ya baba, binamu na mwana, lango hilo lilibaki mikononi mwa ukoo mmoja kwa miongo mingi.

Mara ya mwisho nilipokaa na mzee wa Cork, nilimpa hoja ya mwaka 1963 kama nilivyoiandika hapa, goli kwa goli, mpaka la sita. Alinyamaza muda mrefu, akizungusha kikombe chake cha chai. Kisha akasema kwamba mtu aliyeyatazama magoli sita akiwa tayari kuingia baada ya kila moja, huyo amecheza, na kwamba medali ile anampa. Za mwaka 1967 na 1969, akasema, bado. Kwa hiyo kwake Skehan sasa ana 7, na mwezi ujao nitamrudia nikiwa na fainali ya mwaka 1967, siku Kilkenny walipowafunga Tipperary katika mashindano ya ubingwa kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1922.